Kutoka Relei hadi Mtandao: Historia ya Kidhibiti cha Kiwandani

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, mashine za viwanda vya magari nchini Marekani ziliongozwa na makabati ya chuma yaliyojaa relei, yaani swichi zinazofungwa na kufunguliwa kwa nguvu ya sumaku ya umeme, ambazo ziliruhusu mota iwake pale tu masharti fulani yalipotimia, kwa mfano kipuri kikae mahali pake na lango la usalama lifungwe. Kwa kuwa utaratibu wa kazi ulikuwa umo katika nyaya zenyewe, kila gari la muundo mpya lilipoingia mafundi umeme walilazimika kuunga upya nyaya chungu nzima, la sivyo kabati zima lilitupwa.

Adha hiyo ndiyo iliyoifanya Hydramatic, idara ya General Motors iliyotengeneza giaboksi za otomatiki, itoe mwaka 1968 masharti ya kifaa cha kuchukua nafasi ya relei. Masharti hayo yana mafunzo mengi kuliko hata kifaa chenyewe, kwani msisitizo wake haukuwa kasi ya kukokotoa: yalitaka kifaa kinachohimili mazingira ya karakana, kinachobadilishwa kazi bila kukata waya, na kinachoweza kutunzwa na mafundi waliokuwapo tayari. Bedford Associates, kampuni ndogo ya Massachusetts ambamo mhandisi Dick Morley alikuwa amekwisha kubuni wazo kama hilo, ilijibu kwa Modicon 084, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ulikuwa mradi wa 84 wa kampuni hiyo. Kifaa hicho hakikuwekewa feni, ili hewa chafu ya karakana isivutwe ndani.

Mshindani wake, PDP-14 ya Digital Equipment, alitoka katika kampuni yenye jina kubwa zaidi, lakini programu yake ilihifadhiwa katika kumbukumbu iliyosukwa kwa waya, hivyo mabadiliko yalihitaji kumbukumbu nyingine isukwe na mtengenezaji. Waya uliofukuzwa mlangoni ukarudi kupitia dirishani. Modicon, kwa upande wake, ilipangiwa kazi kwa mchoro wa ngazi: mistari miwili ya wima huwakilisha umeme unaoingia na kutoka, na kila kipago huonyesha masharti yanayowasha kitu kimoja. Mchoro huo ulifanana na ule ambao fundi wa relei aliusoma kila siku, na huenda jambo hilo, kuliko elektroniki yake, ndilo lililofanya kidhibiti hicho kipokelewe viwandani. Historia zinazomsifu mvumbuzi peke yake humsahau fundi huyo.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon, yenye jina la kidhibiti hicho, ilitoa Modbus, itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ambamo kila kifaa hupewa namba na hujibu kinapoulizwa: kifaa namba 5 huombwa thamani iliyo katika kisanduku fulani cha kumbukumbu, nacho huitoa, au hupokea thamani mpya na kuitii, bila kuhoji anayeuliza ni nani. Ukarimu huo haukuwa uzembe, kwa sababu waya uliishia ndani ya ua, na aliyeufikia alikuwa ameshapita kwa mlinzi wa getini. Itifaki hiyo ilipoanza kupitishwa juu ya kanuni za intaneti, imani ileile ilisafiri nayo nje ya ua.

Gharama ya imani ya namna hiyo ilidhihirika mwaka 2010, ilipogunduliwa programu hasidi ya Stuxnet, iliyolenga vidhibiti vya Siemens na kuathiri mashinepewa, yaani mitambo inayozunguka kwa kasi kubwa, za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Iliweza kuenezwa kwa flashi, ikavuruga mwendo wa mashine huku waendeshaji wakionyeshwa vipimo vya kawaida. Hata hivyo, hamu ya kuunganisha haikupungua: mwaka uliofuata, katika maonyesho ya Hannover, Wajerumani walitangaza Industrie 4.0, mpango wa kuunganisha mashine, vihisi na kompyuta za kiwanda kizima.

Toleo la Modbus linalothibitisha utambulisho wa kila upande lilichapishwa mwaka 2018 tu. Vidhibiti vingi vya zamani haviwezi kulitumia, na kwa kuwa mashine inayofanya kazi haing'olewi kwa sababu ya umri wa kidhibiti chake, viwanda huweka mbele yake kifaa cha kuchuja ujumbe unaoingia.