Serge Blanco

Serge Blanco (alizaliwa Caracas, Venezuela, 31 Agosti 1958) ni mchezaji wa zamani wa raga kutoka Ufaransa, aliyecheza hasa kama beki wa mwisho. Baba yake alikuwa Mvenezuela na mama yake Mbaski. Alikulia Biarritz, na klabu ya mji huo, Biarritz Olympique, ndiyo aliyoichezea miaka yote.

Aliichezea timu ya taifa kuanzia 1980 hadi 1991: mechi 93, idadi ambayo wakati huo hakuna mchezaji mwingine duniani aliyeifikia, na trai 38, rekodi ya Ufaransa iliyodumu zaidi ya miaka 30. Beki wa mwisho kazi yake ni kulinda, lakini Blanco aliugeuza mpira uliopigwa kwake kuwa mwanzo wa mashambulizi. Alivuta sigara waziwazi, na mbio hazikupungua.

Trai yake inayokumbukwa zaidi ni ya nusu fainali ya Kombe la Dunia la 1987 mjini Sydney. Matokeo yalikuwa 24-24, dakika zimekwisha. Mpira ukapita mikono mingi hadi kwake upande wa kushoto. Akakimbilia kona, Tom Lawton wa Australia akajirusha kumzuia, akachelewa. Ufaransa ilishinda 30-24, kisha ikafungwa na New Zealand kwenye fainali.

Mechi yake ya mwisho, fainali ya ubingwa wa Ufaransa ya 1992, Biarritz ilishindwa na Toulon. Hakuwahi kutwaa ubingwa huo. Baadaye aliongoza ligi ya kulipwa ya Ufaransa, 1998 hadi 2008.