Wizara Iliyosomea Vitani

Wizara ya Mambo ya Nje ya Kongo ina umri sawa na jamhuri yenyewe. Waziri wake wa kwanza, Justin Bomboko, aliingia kazini mwezi Juni 1960 katika serikali ya Patrice Lumumba. Uhuru haujamaliza wiki, askari wa Force Publique, jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni, wakaasi kambini Thysville. Tarehe 10 Julai majeshi ya Ubelgiji yakaingilia kati bila kuombwa na serikali, na kesho yake Moïse Tshombe, kiongozi wa jimbo la Katanga, akatangaza kwamba jimbo hilo limejitenga, pamoja na shaba yake yote. Wizara hii haikupata nafasi ya kujifunza kazi taratibu. Ilisomea vitani, na sisi tunaoishi Luofu, kusini mwa Lubero, bado tunayaona masomo yale yakirudiwa.

Tuitazame siku moja, 12 Julai 1960. Rais Joseph Kasavubu na Lumumba walikuwa wakizunguka nchi kwa ndege kuwatuliza askari na raia. Walipotaka kutua Élisabethville, mji mkuu wa Katanga, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, akawakatalia. Rais na waziri mkuu wake walizuiwa kukanyaga mji wa nchi yao wenyewe! Siku hiyohiyo telegramu yenye majina yao wote wawili ilimwendea Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ikiomba msaada wa kijeshi. Wakati huohuo mawaziri waliobaki Léopoldville (Kinshasa ya leo), Bomboko akiwa miongoni mwao, walikuwa wakimwomba balozi wa Marekani askari 3,000. Serikali moja, siku moja, ilibisha hodi milango miwili tofauti. Washington ikawaelekeza Umoja wa Mataifa.

Telegramu ya pili, ya tarehe 13, ndiyo ninayoiona kuwa hati ya kwanza ya kweli ya siasa yetu ya nje. Ilieleza wazi kwamba askari hawaombwi kwa ajili ya ghasia za ndani, wanaombwa kuizuia Ubelgiji isiivamie nchi. Na wasipofika upesi, Kongo itaziendea nchi za Bandung, yaani za Asia na Afrika. Usiku ule Baraza la Usalama lilikaa mpaka alfajiri ya tarehe 14, likapitisha azimio nambari 143 kwa kura 8, wajumbe watatu wakijizuia. Siku hiyo hiyo Kongo ilivunja uhusiano na Ubelgiji, na telegramu nyingine ikaenda kwa Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, huko Moscow. Watunisia wakawa miongoni mwa askari wa kwanza kutua.

Somo la pili lilikuwa chungu zaidi. Septemba 1960 Kasavubu na Lumumba walifukuzana madarakani. Kongo ikapokelewa Umoja wa Mataifa tarehe 20 mwezi huo, lakini kiti kikagombewa na jumbe mbili. Tarehe 22 Novemba Baraza Kuu likawapa watu wa Kasavubu ushindi, kura 53 kwa 24, 19 wakijizuia. Siku tano baadaye Lumumba akatoroka nyumbani kwake kuelekea Stanleyville (Kisangani ya leo), akakamatwa njiani, na tarehe 17 Januari 1961 akauawa Katanga. Tangu hapo kila aliyetawala Kinshasa amejua kwamba kutambuliwa ugenini kunaweza kuwa na nguvu kuliko kura za bunge lake.

Kisha vita vikaja upande wetu. Askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa waliondoka 30 Juni 1964. Agosti, waasi walioitwa Simba wakauteka Stanleyville, na Butembo na Beni pia zikaangukia mikononi mwao. Tshombe, sasa waziri mkuu wa Kongo nzima, aliajiri mamluki wazungu, na kwa hilo Afrika ikamkataa. Oktoba alikwenda Cairo kwenye mkutano wa nchi zisizofungamana, akafungiwa katika jumba la serikali asihudhurie. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda tume ya usuluhishi chini ya Jomo Kenyatta, lakini tarehe 24 Novemba makomando wa Ubelgiji walishuka Stanleyville kwa ndege za Marekani. Waasi nao walikuwa na marafiki Uganda, Sudan na Tanzania. Februari 1965 ndege za Kongo zikadondosha mabomu Paidha na Goli, ndani ya Uganda. Ugomvi wetu na majirani wa mashariki una mizizi pale.

Oktoba 1965, kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Accra, Kasavubu aliahidi kuwaondoa mamluki. Mwezi uliofuata mkuu wa jeshi, Mobutu, alimpindua, na Bomboko akarudi wizarani. Mamluki walewale wakamgeukia Mobutu: Agosti 1967 mmoja wa viongozi wao, Jean Schramme, aliiteka Bukavu, na Septemba marais wa Afrika wakakutana Kinshasa huku mji huo ukiwa bado mikononi mwake. Bara lililomfungia mlango Tshombe sasa lilisimama na Kongo. Novemba Schramme alivukia Rwanda. Kigali ilipokataa kuwarudisha mamluki, Kinshasa ikavunja uhusiano nayo Januari 1968.

Miaka iliyofuata ilileta wageni wengine kwa njia ileile ya maombi: Wamoroko na Wafaransa katika vita vya Shaba vya 1977 na 1978, Angola, Zimbabwe na Namibia mwaka 1998, MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa, mwaka 1999, jeshi la Uganda huko Beni tangu Novemba 2021, na kikosi cha Afrika Mashariki kilichokuja 2022 na kuondoka mwaka uliofuata. Nawaheshimu waliokufa wakitulinda, wakiwemo Watanzania 15 waliouawa Semuliki, Beni, Desemba 2017. Lakini Aprili 2009 waasi wa FDLR, kundi la Wahutu wa Rwanda, waliichoma Luofu, watoto wakateketea ndani ya nyumba, wakati MONUC ikiwa na miaka 9 nchini. Mwisho wa Juni 2024 waasi wa M23 waliichukua Kanyabayonga, jirani yetu. Tarehe 27 Juni 2025 waziri wetu wa mambo ya nje, Thérèse Kayikwamba Wagner, alitia saini mkataba na mwenzake wa Rwanda mjini Washington. Siku hiyo Kanyabayonga ilikuwa imekaa chini ya M23 karibu mwaka mzima.