Pumzi, Hatua na Ngazi: Historia ya Kupima Utimamu wa Mwili kabla ya Upasuaji wa Saratani ya Mapafu, na Funzo Lake kwa Ruhwa

Mgonjwa wa saratani ya mapafu anayetoka Ruhwa, mpakani mwa Rwanda na Burundi wilayani Rusizi, husafiri nchi nzima kufikia hospitali za rufaa za Kigali. Huko huulizwa swali lenye historia ndefu: je, mwili wake utastahimili kuondolewa sehemu ya pafu?

Chombo cha kwanza cha kulijibu hakikubuniwa kwa ajili ya upasuaji. Mwaka 1846 tabibu Mwingereza John Hutchinson alieleza spirometa, aliyoipimia pumzi za watu zaidi ya 2,000. Nia yake ilikuwa kutambua maradhi ya kifua na kuzisaidia kampuni za bima ya maisha. Upasuaji wenyewe ulichelewa. Tarehe 5 Aprili 1933, mjini St. Louis, Evarts Graham aliondoa pafu zima lenye saratani, na mgonjwa akapona. Tangu hapo kuchagua anayefaa kupasuliwa kukawa jambo la uhai na kifo.

Spirometa, hata hivyo, hupima mapafu peke yake, ilhali upasuaji huujaribu moyo, damu na misuli pia. Ndiyo maana wataalamu walirejea kwenye mwendo. Mwaka 1976 McGavin na wenzake waliwatembeza wagonjwa wa mkamba sugu kwa dakika 12. Mwaka 1982 Butland na wenzake walionesha kuwa dakika 6 zinatosha. Mwaka 1992 Singh na wenzake walileta matembezi ya kwenda na kurudi mita 10, kasi ikiongezeka kwa mlio. Sambamba na hayo, kipimo cha oksijeni inayotumiwa wakati wa mazoezi kikawa kigezo kikuu: zaidi ya mililita 20 kwa kilo kwa dakika huashiria hatari ndogo, na chini ya 10 hatari kubwa.

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 uliunganisha njia hizo. Mgonjwa mwenye mapafu dhaifu kiasi akitembea mita 400 kwa kipimo cha mlio, au akipanda ngazi kimo cha mita 22, huhesabiwa kuwa na hatari ndogo. Asipoweza, ndipo hupelekwa kwenye mashine.

Funzo kwa Ruhwa ni la kisera. Uchunguzi wa awali wahitaji korido, saa, kipima oksijeni cha kidoleni na muuguzi aliyefunzwa, vitu viwezavyo kupatikana katika hospitali ya wilaya. Lakini tahadhari mbili zazingatiwe. Kwanza, vigezo hivyo vilitokana na wagonjwa wa Ulaya na Marekani. Ruhwa iko bondeni, na Kigali iko kwenye kimo cha takriban mita 1,500, ambako oksijeni ni hafifu zaidi. Pili, makovu ya kifua kikuu hupunguza pumzi hata kabla ya saratani. Kwa hiyo matokeo duni yasiwe hukumu ya kumnyima mgonjwa upasuaji, bali sababu ya kumpima zaidi na kumwimarisha kwa mazoezi.