Taifa Stars katika Takwimu na katika Lugha

Kwashemshi ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, katika ukanda unaojulikana kwa mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouingiza mmea huo mwaka 1893. Majina ya mahali ya sehemu hizo na ya Handeni jirani yana umbo la namna moja: Kwashemshi, Kwamndolwa, Kwagunda, Kwamsisi. Kiambishi Kwa- hutaja mahali kwa kumtaja mwenyewe, awe mtu au ukoo. Lakini mashamba ya mkonge yalijaza ukanda huo watu ambao kwao kulikuwa mbali sana: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, waliokutana na Washambaa, Wabondei na Wazigua wenyeji. Hao hawakuwa na lugha moja ya mama. Walichokuwa nacho ni Kiswahili cha kambini na, baadaye, Kiswahili cha redio. Historia ya timu ya taifa ya kandanda ya Tanzania yafaa kutazamwa kutoka mahali pa namna hiyo, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya umri wake timu hiyo ilisikika kabla ya kuonekana.

Mwaka 1930 una nafasi ya pekee katika jambo hili. Ndio mwaka ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki, iliyopewa kazi ya kusanifisha Kiswahili, na ndio mwaka unaotajwa kuwa wa kuanzishwa kwa chama cha soka cha Tanganyika. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja, lakini yalikua sambamba. Mashindano ya kanda yalikuwa yamekwisha kuanza mwaka 1926 kati ya Kenya na Uganda, kwa Kombe la Gossage, lililobeba jina la watengenezaji wa sabuni wa Kiingereza. Tanganyika iliingia mwaka 1945, na Zanzibar mwaka 1949. Wanaodhani kwamba timu hii imekuwa dhaifu tangu kuzaliwa hawana budi kuzingatia kuwa Tanganyika ilitwaa kombe hilo mara tatu mfululizo, 1949, 1950 na 1951, kisha tena 1964 na 1965.

Jina Taifa Stars ni ndoa ya lugha mbili. Taifa limetoka katika Kiarabu na kuzoeleka kiasi kwamba msemaji wa kawaida haoni ugeni wake; Stars limebaki na mavazi yake ya Kiingereza. Kenya walifanya vivyo hivyo kwa Harambee Stars. Waganda walichagua ndege wa bendera yao, korongo, wakamwita kwa Kiingereza. Neno taifa, hata hivyo, lina mzigo ambao ndege hana. Baada ya Muungano wa Aprili 1964, Zanzibar iliendelea kuingiza timu yake katika mashindano ya kanda, ikatwaa ubingwa wake mwaka 1995, ilhali katika Kombe la Mataifa ya Afrika wachezaji wa Visiwani huvaa jezi ya Tanzania. Machi 2017 Zanzibar ilikubaliwa kuwa mwanachama kamili wa Shirikisho la Soka la Afrika, na Julai mwaka huohuo uanachama huo ukafutwa. Swali la taifa ni lipi halijawahi kuwa la wanasarufi peke yao.

Kilele cha kwanza cha historia hii ni mwaka 1979. Agosti mwaka huo, miezi michache tu baada ya vita vya Kagera, Stars iliyokuwa imeifunga Zambia 1-0 Dar es Salaam ilikwenda Ndola kwa mechi ya marudiano. Peter Tino alisawazisha mwishoni, matokeo yakawa 1-1, na Tanzania ikafuzu kwa mara ya kwanza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Huko Nigeria, Machi 1980, chini ya kocha Slawomir Wolk kutoka Poland, ilifungwa 3-1 na wenyeji, ambao ndio waliotwaa kombe, ikafungwa 2-1 na Misri, ikatoka 1-1 na Kodivaa. Juma Mkambi alifunga bao dhidi ya Nigeria. Thuwein Ally alifunga mengine mawili.

Hapa inafaa kutua kidogo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mtu wa Kwashemshi, sawa na mtu wa Songea au Kigoma, hakuwaona Mkambi na Thuwein wakicheza Lagos. Timu ya 1980 aliipata kwa maneno: taarifa za redio, magazeti yaliyochelewa, na masimulizi ya waliosimuliwa. Bao la Tino limeishi kwa miongo minne na zaidi likirithishwa kama hadithi zinavyorithishwa. Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za watangazaji kama Ahmed Jongo na Charles Hilary, ilimfundisha msikilizaji msamiati wa uwanja asiouona. Kiungo, neno la mwili na la mchuzi, likawa mchezaji wa katikati. Bao lilitoka katika mchezo wa kete, likahamia nyavuni. Kona, penalti, beki na winga yaliingia na sauti zake za Kiingereza zikiwa zimelainishwa, huku mwamuzi akigombania nafasi na refa, na mlinda mlango na golikipa, hadi leo bila mshindi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika kinywani, dakika kwa dakika, kabla kamati yoyote haijaketi. Wanaoandika historia ya istilahi za Kiswahili kwa kutazama vyombo rasmi tu wanaliacha nje shamba lililotoa mavuno mengi.

Lakini kinywa hichohicho ndicho kilichoihukumu timu. Baada ya 1980 Stars haikufuzu tena fainali hizo kwa miaka 39. Katika ukame huo ndipo ulipovuma msemo unaonasibishwa na Hayati Rais Ali Hassan Mwinyi, kwamba timu ya taifa imekuwa kichwa cha mwendawazimu: kila anayejifunza kunyoa hukijaribia. Ni sitiari kali. Mwenye kichwa hana uchaguzi, kinyozi hana haya, na kila wembe ukipita kichwa hubaki na mikwaruzo. Kwa kuwa ilitoka, kama inavyosimuliwa, kwa mtu aliyekijua Kiswahili kwa undani na kukisema kwa upole, ilishika kuliko takwimu yoyote. Mpaka sasa kila Stars inapofungwa, mwandishi wa habari hahitaji zaidi ya maneno matatu.

Je, ilikuwa haki? Nusu tu. Stars ilikuwa bingwa wa Afrika Mashariki na Kati mwaka 1974. Mwaka 1994, Mwinyi akiwa bado Ikulu, ilitwaa tena kombe hilo nchini Kenya kwa kuishinda Uganda kwa mikwaju ya penalti, na Februari 1995 ilifika nafasi ya 65 katika orodha ya FIFA, nafasi ambayo haijawahi kuivuka. Msemo ungestahili zaidi miaka kumi baadaye: mwishoni mwa 2005 timu ilikuwa ya 175. Ndipo ilipokuja enzi ya Mbrazili Márcio Máximo, 2006 hadi 2010, iliyoifikisha Stars katika fainali za kwanza za wachezaji wa ligi za ndani, mwaka 2009. Desemba 2010 ubingwa wa kanda ulirudi Dar es Salaam, kwa bao la penalti la Shadrack Nsajigwa dhidi ya Kodivaa waalikwa. Sitiari hiyo, basi, iliwahi kuwa ya kweli, ikakoma kuwa ya kweli, ikawa tena. Wasemaji hawakuibadilisha hata siku moja.

Tarehe 24 Machi 2019 Stars iliifunga Uganda 3-0 jijini Dar es Salaam na kufuzu. Cairo haikuwa na huruma: 2-0 kwa Senegali, 3-0 kwa Aljeria, na katikati 3-2 kwa Kenya, mechi ambayo Tanzania iliongoza mara mbili, na iliyozikutanisha nchi mbili zinazotumia Kiswahili katika shughuli zao rasmi. Kodivaa, Januari 2024, ilianza kwa kufungwa 3-0 na Moroko, ikafuatia 1-1 na Zambia na 0-0 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Matokeo hayo mawili ya mwisho yanagusa tofauti ambayo Kiswahili cha michezo Tanzania kimeijenga chenyewe. Mechi ya mabao sawa huitwa sare. Isiyo na bao huitwa suluhu. Sare ni neno la nguo zinazofanana. Suluhu, lenye asili ya Kiarabu, ni la wagombanao waliopatanishwa. Kiingereza cha michezo hutumia neno moja kwa yote mawili, kikaongeza maelezo. Yaelekea msikilizaji wa redio, asiye na ubao wa matokeo mbele yake, alihitaji neno litakalompa matokeo kwa mara moja.

Tofauti hiyo ndiyo inayoieleza Stars vizuri kuliko kichwa cha mwendawazimu. Katika fainali za Moroko za Desemba 2025 ilifungwa 2-1 na Nigeria, ikatoka 1-1 na Uganda, na 1-1 na Tunisia. Pointi mbili zilitosha kuivusha kwenye hatua ya makundi kwa mara ya kwanza, hadi wenyeji walipoitoa kwa 1-0 Januari 2026. Ukizijumlisha fainali zote nne, Tanzania imecheza mechi 13: imefungwa nane, imetoka sare nne na suluhu moja. Ushindi haujapatikana. Fainali za 2027 zilikabidhiwa Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja mwezi Septemba 2023, na kwa mara ya kwanza neno nyumbani, ambalo watangazaji wamelitumia miaka yote kwa mechi za kufuzu, litatumika katika fainali zenyewe.