Dawa ya mbu: kutoka ukuta wa udongo hadi uzi wa plastiki

Ukuta wa udongo hula dawa. Hilo ndilo lililowasumbua wapulizaji waliopita vijijini kwenye tambarare za Upare kati ya 1955 na 1959, na kwa maoni yangu ndilo linaloufanya mradi wa malaria wa Pare-Taveta ustahili kukumbukwa kuliko unavyokumbukwa leo.

Mradi ulianza 1954 ukisimamiwa kutoka Amani, Usambara, kwenye Taasisi ya Malaria ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na Dk. Bagster Wilson. Uligusa Upare upande wa Tanganyika na Taveta upande wa Kenya. Huko juu milimani, Mbaga na Chome, baridi iliwapunguzia watu mbu. Chini, kwenye maji na mashamba, malaria ilikuwa ya kila mwaka na watoto ndio waliokufa.

Dawa iliyochaguliwa ni dieldrini, iliyopulizwa kila baada ya miezi minane hivi. Ufundi wenyewe ulikuwa katika utengenezaji. Ukiyeyusha kiuatilifu kwenye mafuta na kukipuliza, ukuta wa udongo hukinyonya chote, na mbu akitua hapati kitu. Kwa hiyo wakemia walikichanganya na vumbi laini linaloelea majini: ukuta unywe maji, chembe za dawa zibaki juu, zikingoja miguu ya mbu. Hata hivyo udongo huendelea kuivuta dawa pole pole, na ule mwekundu wenye chuma nyingi una sifa mbaya ya kuharibu DDT. Tena nyumba hukandikwa upya. Mama akishapaka udongo mbichi ukutani, dawa imezikwa.

Pamoja na hayo, matokeo yalikuwa makubwa. Mbu aina ya Anopheles funestus alitoweka. Gambiae alipungua sana lakini hakuisha. Malaria ikashuka, vifo vya watoto vikashuka. Upulizaji uliposimamishwa 1959, watafiti walibaki wakifuatilia hadi 1966, wakaona malaria ikipanda tena taratibu. Dieldrini yenyewe isingeweza kuendelea: ni sumu kali kwa watu na mifugo, hukaa mwilini kwenye mafuta, na Mkataba wa Stockholm wa 2001 uliiweka kwenye orodha ya kemikali za kukomeshwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa kuihamisha dawa kutoka ukutani hadi kitandani. Wengi wanaikumbuka pakiti ya Ngao: unachanganya dawa na maji kwenye beseni, unachovya chandarua, unakianika. Kikifuliwa mara chache, dawa imekwenda na povu. Kila miezi sita ilibidi kuchovya tena, na familia yenye mambo mengi ingekumbuka vipi?

Jibu lilitoka kwenye plastiki. Kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani iliyeyusha polithini, ikachanganya permethrini ndani yake, ikavuta uzi. Dawa, kama asilimia 2 ya uzito, imo ndani ya uzi. Iliyo juu ikioshwa, iliyo ndani hupenya taratibu na kujaza nafasi yake, kwa miaka. Ndiyo kanuni ya vijiti vya uzazi wa mpango vinavyowekwa mkononi: Implanon ni plastiki iliyobeba homoni na kuiachia kidogo kidogo kwa miaka 3. Mwaka 2003 kiwanda cha A to Z mjini Arusha kilianza kutengeneza vyandarua hivyo vya Olyset, na jambo hilo linanipa fahari: teknolojia ngumu ya kuachilia dawa ilishonwa hapa hapa kaskazini na mikono ya Watanzania.

Kisha mbu wakaizoea permethrini. Huko Muleba, Kagera, watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba ya NIMR, wa Chuo Kikuu cha Tiba cha KCMC Moshi na wa London walijaribu uzi wenye vitu viwili, permethrini na PBO, kemikali inayozima kinga ya mbu. Matokeo yaliyochapishwa 2018 yalionyesha watoto waliolala ndani ya vyandarua hivyo waliugua malaria kwa kiwango kidogo kuliko waliotumia vya kawaida. Kazi iliyobaki iko kwenye plastiki yenyewe: PBO hutoka haraka kuliko permethrini, na chandarua hupoteza nguvu hiyo ya ziada kabla hakijatimiza miaka 3 kinayotarajiwa kudumu.