Makatambuga ya Lundo

Ndugu msomaji, juma hili naomba tuziache kidogo habari za wakubwa na bei za vitu, tutazame chini, kwenye miguu yetu. Msikilizaji mmoja wa Temeke ameniletea barua fupi. Anasema amesoma habari za makampuni ya nje yanayotengeneza viatu kwa matairi chakavu na kuviuza kwa bei ya kutisha, na kwamba biashara hiyo imepewa jina la uchumi wa mzunguko. Kisha anauliza: "Hivi hayo si makatambuga ya baba zetu? Imekuwaje leo yawe uvumbuzi wa wageni?"

Ni swali zuri, na lina ukali wake. Nitalijibu kwa kuanzia mahali ninapopafahamu, yaani Lundo.

Lundo ni kijiji cha wavuvi ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kati ya Lituhi na Mbamba Bay. Nilipokuwa mtoto tulikuwa Wilaya ya Mbinga. Tangu mwaka 2012 tuko Wilaya ya Nyasa. Mbele yetu maji, nyuma yetu milima ya Umatengo. Kitu chochote cha dukani kilifika kwa meli au kwa lori lililoteremka milimani likilia breki. Kwa hiyo kwetu hakikutupwa kitu. Kopo liligeuka koroboi, nyavu iliyochanika ikawa uzio wa bustani, na tairi lililokwisha likawa kiatu.

Lakini kabla ya tairi kulikuwa na miguu mitupu, na historia ya miguu hiyo ni ya machungu. Wengi wetu hudhani funza ni mdudu wa kwetu tangu enzi na enzi. La hasha. Alitoka Brazil, akateremka na meli katika pwani ya Angola mwaka 1872. Kutoka hapo alisafiri na misafara ya biashara na ya wakoloni, akalivuka bara zima, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani yetu ya mashariki. Watu ambao babu zao walitembea peku bila shida walianza kupoteza vidole na kucha.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914, manowari ndogo ya Waingereza, Guendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Liuli ni jirani zetu. Mizinga ile ilikuwa mwanzo tu. Iliyofuata ni miaka minne ya wapagazi waliobeba vyakula na risasi za pande zote mbili, wengi wao bila kiatu, na makumi ya maelfu yao hawakurudi makwao. Waliuawa na njaa, kuhara, homa na vidonda. Nataja vidonda kwa makusudi. Mpagazi mwenye kidonda mguuni alikuwa na safari fupi.

Kwa hiyo, msomaji, kiatu kwetu hakikuanza kama pambo.

Tairi nalo lina nasaba yake. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kupika mpira pamoja na kiberiti cha unga, yaani salfa, hadi ukawa hauyeyuki kwa joto wala haupasuki kwa baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1880 John Dunlop, akiwa Belfast, akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Ule upishi wa Goodyear ulikuwa na tatizo ambalo dunia inalo hadi leo: mpira ukishapikwa hivyo hauwezi kuyeyushwa ukarudi ulivyokuwa. Ukiuchoma, unatoa moshi mweusi wenye sumu. Ukiutupa, unakaa miaka na miaka ukituama maji ya mvua na kufuga mbu. Njia ya busara iliyobaki ni kuukata na kuutumia kama ulivyo.

Njia hiyo iligunduliwa na maskini wa mahali pengi bila kuulizana. Wapiganaji wa Vietnam walivaa kandambili za matairi katika vita vyao na Wafaransa, na baadaye na Wamarekani. Kenya huviita akala, na wapiganaji wa Mau Mau walivivaa msituni. Sisi tukaviita makatambuga. Hakuna aliyekwenda ofisi ya serikali kusajili uvumbuzi huo, na ndiyo maana leo hatuna jina la kumtaja.

Sasa tuutazame upande wa pili, wa viatu vyenye heshima. Katika miji yetu jina la kiatu lilikuwa Bata, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1894 na Tomáš Baťa na ndugu zake katika mji wa Zlín, katika nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, kampuni ya Bata nchini ilikuwa miongoni mwa zile ambazo serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa zake. Nia ilikuwa njema: Mtanzania avae kiatu cha Mtanzania.

Katika miaka ya 1970 nia hiyo ikapata mkopo wa Benki ya Dunia, na likaja wazo la kiwanda kikubwa cha viatu Morogoro. Mpango ulikuwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka, na asilimia 80 ziuzwe Ulaya. Mashine za kisasa zikaja. Jengo likawa na kuta za alumini na halikuwa na njia za kupitisha hewa, kana kwamba Morogoro ni nchi ya theluji. Waliochunguza habari zake baadaye wameandika kwamba kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma. Ulaya haikupata kiatu, na Lundo haikupata kiatu.

Miaka hiyo hiyo nchi ilikuwa taabani. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina. Sabuni, sukari, nguo na viatu viliadimika. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi. Nilikuwa mdogo mno kukumbuka, lakini baba yangu alipenda kusema kwamba katika miaka ile ofisa na mvuvi walikutana kwa fundi mmoja. Wote walivaa makatambuga. Lile la ofisa lilipakwa rangi nyeusi tu.

Halafu milango ikafunguliwa. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 mitumba ikaruhusiwa, na enzi ya Mzee Mwinyi ikawa enzi ya ruksa. Viatu vya Ulaya vilivyokwisha kuvaliwa vikashuka bandarini kwa marobota. Hapa makatambuga yakaanza kuwa alama ya mtu aliyeachwa nyuma.

Niruhusu nijitaje mwenyewe, maana bila hivyo nitakuwa nahubiri tu. Katikati ya miaka ya 1990 nilichaguliwa kwenda sekondari, mbali na nyumbani. Karatasi ya shule ilitaka viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba. Baba hakuwa na fedha hizo. Usipa ulikuwa haujatoka msimu ule. Alivua makatambuga yake mwenyewe akanipa. "Yatakufikisha, mwanangu," alisema. "Viatu vya kamba vitafuata." Yalinizidi kipimo kwa vidole viwili. Nilipokaribia shule nikawaona wenzangu wanavyotazamana miguu. Nikayavua, nikayaficha kwenye majani kando ya njia, nikaingia peku. Nilijua kuwa peku ungeweza kudanganya umeibiwa viatu. Makatambuga yalisema kweli.

Mwalimu wa zamu alinirudisha getini hata hivyo. Nilipoyatafuta jioni, hayakuwapo. Likizoni baba aliniuliza yako wapi. Nikamwambia yameibwa. Hakuuliza tena.

Mwaka jana nilikwenda Lundo. Safari siku hizi ni nyepesi, lami imefika hadi Mbamba Bay. Nikamkuta mzee mmoja, fundi wa zamani, amekaa chini ya mwembe na tairi miguuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikaomba aniruhusu nitazame.

Kwanza alinoa kisu kwenye jiwe kwa muda mrefu. Akalowesha mpira kwa maji, maana kisu kikavu hukwama kwenye mpira. Akatenganisha ubavu wa tairi na sehemu inayokanyaga barabara. Sehemu nene ndiyo soli; ubavu ulio laini ndio mikanda na gidamu. Alichora mguu kwa chaki, akakata, akatoboa pembeni kwa patasi, akapitisha mikanda na kuikaza kwa misumari midogo. Gundi hakuna. Soli ya namna ile ilitengenezwa ibebe lori la tani kadhaa. Mtu wa kilo sabini haisikii.

Nikamuuliza kama ana mwanafunzi. Akacheka. "Mwanangu, nimfundishe nini? Matairi yenyewe hayakatiki." Akanionyesha tairi jingine lililokatwa nusu na kuachwa. Ndani yake kulijaa waya.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulijua kwa miaka yote ya kutangaza habari. Mwaka 1946 kampuni ya Michelin ya Ufaransa ilisajili tairi la aina mpya, lenye mishipi ya waya wa chuma chini ya mpira wake. Ni tairi bora: linadumu, linapunguza mafuta. Taratibu likayaondoa matairi ya zamani yaliyoimarishwa kwa nyuzi za pamba na nailoni, ambayo ndiyo fundi aliyaweza. Waya huharibu kisu, na ukibaki ndani ya soli huchoma mguu. Matairi ya pikipiki bado yana nailoni, lakini ni membamba. Kwa hiyo uamuzi wa wahandisi wa Ulaya, ambao hawakumkusudia mabaya mtu yeyote, ulisafiri zaidi ya nusu karne ukafika chini ya mwembe wa Lundo na kumnyang'anya mzee kazi.

Tumrudie sasa msikilizaji wetu wa Temeke. Huo uchumi wa mzunguko maana yake ni nyepesi: kitu kisitoke kiwandani kikaenda jalalani moja kwa moja, bali kitumike, kitengenezwe, kigeuzwe, kizunguke. Mmoja wa walioueneza ni Mwingereza Ellen MacArthur, aliyeizunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga na kuvunja rekodi mwaka 2005, kisha akaanzisha taasisi yake mwaka 2010. Husema alijifunza baharini, kwamba ulichopakia ndicho ulicho nacho. Mtu wa Lundo angemwelewa bila mkalimani.

Wala si wageni tu walioichuma faida. Mwaka 2004, katika mtaa wa Zenabwork mjini Addis Ababa, Bethlehem Tilahun Alemu alianzisha SoleRebels, akitumia soli za matairi zile zile za Waethiopia wa zamani. Viatu vyake vimeuzwa katika nchi nyingi. Kenya nako, mwaka 1997, Julie Church aliwaona watoto wa Kiwayu wakitengeneza vidude vya kuchezea kutokana na ndala zilizotupwa na bahari, na kutoka hapo ikazaliwa kazi inayojulikana leo kama Ocean Sole.

Tofauti ya Bethlehem na mzee wetu iko wapi? Si kwenye kisu. Mzee ana kisu kizuri. Bethlehem alikuwa na vipimo vya namba, ili mnunuzi wa mbali apate kiatu cha mguu wake. Alikuwa na jina lililosajiliwa. Alikuwa na mikanda ya kitambaa cha kwao iliyoongezwa juu ya soli ile ya zamani. Na kubwa kuliko yote, hakukionea haya kiatu chake. Alikiweka mbele, akakitajia asili yake, akadai bei.

Sisemi turudi wote kwenye makatambuga. Umaskini si pambo, na asiyewahi kulazimika kuvaa kiatu asisifie uzuri wake. Nasema tuna shirika la SIDO, lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Mashine ya kuchuna waya kutoka kwenye tairi si kitu cha ajabu, zipo duniani. Moja katika Mbinga au Songea, pamoja na vijana kumi wa kukaa na mafundi wazee kabla hawajatutoka, ingegharimu sehemu ndogo mno ya zile kuta za alumini za Morogoro. Tulikopa kwa ajili ya kiwanda ambacho hakikujua joto letu, wakati fundi aliyejua miguu yetu hakukopeshwa hata patasi.

Nilinunua jozi moja kwa mzee yule. Alitaka kunipima, nikamwomba akate kubwa zaidi, kwa vidole viwili. Alinitazama, hakuuliza. Baba yangu alishafariki, na ule uongo wangu wa likizo sikuwahi kuusahihisha. Makatambuga hayo yako mlangoni kwangu hapa mjini. Mgeni akiuliza ni ya nani, nasema ni ya baba.