Gazeti la Jana Lafaa Nini Wakati wa Vita?

Mtu akiisha kusoma gazeti, mara nyingi hulifanya karatasi ya kufungia chumvi au samaki. Wakati wa amani si neno kubwa. Lakini wakati wa vita pia wengi husema: «Habari ya mwezi uliopita yafaa nini leo? Jeshi limekwisha kusogea, mji ule umekwisha kutekwa.» Je, wasema kweli? Wasomaji wapenzi, tutazame vita vya Hispania, ndipo tujibu.

Vita hivyo vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwezi wa Julai 1936, vikaisha tarehe 1 Aprili 1939. Upande mmoja ulikuwa serikali ya Jamhuri; upande wa pili majenerali walioiasi, na mkubwa wao Franco. Ujerumani na Italia zilimpa Franco ndege na askari, ingawa zilikuwa zimeahidi mbele ya mataifa kwamba hazitajitia katika vita hivyo. Tushike neno hili, maana ndilo shina la uongo uliofuata.

Kaskazini ya Hispania, katika jimbo la Vizcaya, hukaa Wabaski, watu wa dini ya Katoliki tangu zamani. Wengi wao walisimama upande wa Jamhuri. Tarehe 31 Machi 1937 jenerali Mola, mwenzake Franco, alianza kuwashambulia, akawatangazia kwamba wasipojitoa upesi mikononi mwake ataiharibu Vizcaya yote. Siku ileile ndege za Italia ziliupiga mji wa Durango. Padri mmoja aliuawa altareni akisoma Misa, na masista waliuawa katika kanisa lao dogo. Magazeti yaliandika habari hizo; watu wakasoma, wakasahau.

Wiki nne hazijatimia, ikafika zamu ya Guernica, mji mdogo ambao Wabaski wauheshimu sana, kwa sababu chini ya mwaloni wake wazee wao walifanya baraza tangu karne nyingi. Siku ya Jumatatu, tarehe 26 Aprili, ilikuwa siku ya soko. Ndege zilifika kadiri ya saa kumi na nusu ya alasiri, zikatupa mabomu ya kubomoa na mabomu ya moto muda wa saa tatu na zaidi. Waliokimbilia mashambani walipigwa risasi kutoka juu.

Usiku uleule waandishi wachache wa magazeti walitoka Bilbao wakaenda kuona kwa macho yao. Mmoja alikuwa George Steer wa gazeti la The Times la London. Mwingine Mathieu Corman, Mbelgiji aliyeandikia gazeti la Paris. Steer aliwauliza watu waliookoka, akatazama mabomu yenye alama za Ujerumani. Habari yake ilitoka tarehe 28 Aprili. Alitaja aina za ndege, nazo zilikuwa za Kijerumani. Alisema kwamba kiwanda cha silaha, nje ya mji, hakikuguswa. Na juu ya hesabu ya wafu aliandika kwamba haijawezekana kuitaja.

Upande wa Franco ulikana mara moja. Redio yao ilisema kwamba hakuna ndege iliyokwenda, na Wabaski wenyewe wameuchoma mji wao. Tarehe 29 Aprili askari wao waliingia Guernica, wakaongoza wageni kuwaonyesha magofu kwa maelezo yao. Padri Alberto Onaindía, Mbaski aliyekuwamo mjini saa ya mabomu, alikwenda Paris akashuhudia aliyoyaona. Naye aliitwa mwongo.

Basi, tumfikiri mtu aliyesoma maneno ya pande mbili wakati ule, vita vikiendelea. Atamwamini nani? Ikiwa ametupa magazeti yake ya zamani, hana mizani. Lakini ikiwa ameweka lile lenye tangazo la Mola na habari ya Durango, atasema: «Mtu huyu alitangaza kwamba ataharibu, akaharibu mji mmoja, na sasa mji wa pili umeharibika.» Habari ya mwezi uliopita yampa nuru ya kuipima habari ya leo. Ndiyo faida ya kwanza.

Faida ya pili ni hii: shahidi aliyeandika siku ileile aliandika kabla ya wakubwa kupatana juu ya maneno ya kusema. Franco alitawala mpaka kufa kwake mwaka 1975, na kwa miaka mingi uongo ule ulifundishwa kama kweli. Mwenye elimu mmoja wa Marekani, Herbert Southworth, alikusanya habari za magazeti ya mwaka 1937, akazilinganisha siku kwa siku, akaonyesha jinsi uongo ulivyojengwa. Kitabu chake kilitoka Paris mwaka 1975. Mwaka 1997 Roman Herzog, rais wa Ujerumani, aliwaandikia waliookoka, akakiri kosa la ndege za nchi yake. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee. Lakini hapa ilikuwa na urefu wa miaka sitini.

Hata hivyo si kila neno la gazeti la zamani lasimama. Serikali ya Wabaski ilitaja wafu 1.654, wenye elimu wengi wa siku hizi wakadiri kati ya 150 na 300. Hesabu ya siku za kwanza huzeeka upesi, na mipaka ya majeshi vilevile. Ajabu si kwamba hesabu ilibadilika. Shahidi mwema ni yule aliyesema, «Hili sijalijua bado.» Na aletaye habari ya zamani pasipo tarehe, watu waione kama ya leo, huyo adanganya hata kama kila neno ni kweli.

Sisi wa Congo jambo hili latuhusu. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti juu ya maovu yaliyotendeka kwetu tangu Machi 1993 hata Juni 2003. Yaeleza matukio 617. Waliifanya kwa kuuliza mashahidi zaidi ya elfu moja na kusoma maandiko zaidi ya 1.500 yaliyokuwa yamewekwa. Wakati huo risasi zilikuwa bado kusikika Kivu. Pasipo waliotunza karatasi, wafu wengi wangalikosa hata mstari mmoja.

Mali bila daftari huisha bila habari. Na damu ya watu ni zaidi ya mali. Kwa hiyo, ukipata habari ya vita, tazama tarehe, uulize nani ameona kwa macho yake, na kama shahidi wa pili asema vilevile. Kisha uiweke mahali pakavu. Chumvi ifungwe kwa jani la mgomba.